Mlango Ulionusurika Shimoni



Kiangazi cha mwaka juzi mchimbaji mmoja wa dhahabu alileta hapa Salamabila, kwa pikipiki mbili, mbao za zamani alizozinunua Kasongo katika nyumba iliyoanguka. Alikusudia kuzikata na kuzishusha shimoni, zishikilie kuta za udongo zisiwaporomokee vijana wake. Ninyi mnaoishi hapa mnajua jinsi mti mgumu unavyotafutwa kwa kazi hiyo, na baadhi yenu mmekwisha kulala usingizi wa wasiwasi juu ya ndugu zenu walioko chini. Sikuwa na neno la kumlaumu. Lakini nilipokuwa napita nikitoka kufundisha, niliona kwamba moja ya zile mbao ilikuwa na waridi.

Lilikuwa waridi la kuchongwa, lenye petali nane, limezibwa na rangi ya kijani hata likabaki kama kivimbe. Nilikuna kwa ukucha, nikaona ukingo mkali wa patasi. Tukapatana na mchimbaji: nikamletea nguzo mpya kumi, naye akaniachia mzigo wake wote. Alicheka sana. Alisema, «Mwalimu, wewe umenunua kuni kwa bei ya nguzo.»

Nilipozipanga mbao uani, zilifanya mlango. Ilikuwapo miimo miwili ya kusimama, kizingiti cha juu chenye nakshi, na ubao mmoja wa kufungia. Ubao wa pili ulikuwa umeliwa na mchwa kiasi kwamba ulivunjika mkononi kama mkate mkavu. Kabla jua halijatua, kartie nzima ilikuwa imekwisha kuupa mlango jina. Ulikuwa mlango wa Tippu Tip.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mama wa watoto wangu alitoka jikoni, akautazama kwa muda mrefu, kisha akasema: «Baba, mlango huo ulifunga watu. Hautafunga wanangu.» Bibi ya mama yake alichukuliwa akiwa msichana akapelekwa Kasongo na kamba shingoni, na katika ukoo wao jambo hilo husimuliwa kwa sauti ya chini, mara moja kwa kila mtoto anayekua. Siku ya tatu akaja mnunuzi mmoja wa dhahabu, mtu wa mbali, akitaka kuununua kwa dolari mia mbili. Aliweka sharti moja tu: mimi, nikiwa mwalimu, niandike barua yenye sahihi yangu kwamba mlango ule ulitoka katika nyumba ya Tippu Tip mwenyewe.

Basi mbele yangu palikuwa na watu wawili walioamini habari ile ile. Mmoja aliuogopa mlango kwa sababu yake, mwingine aliutamani kwa sababu hiyo hiyo. Wala hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza kama ni kweli.

Kabla sijaeleza nilivyouliza, yafaa tukumbuke jinsi mlango wa namna hiyo ulivyoweza kufika kwetu. Wafanyabiashara wa pwani waliingia Maniema katika miaka ya 1860, wakifuata pembe za ndovu. Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, mwezi Septemba 1869, akalazwa hapo miezi mingi na vidonda vya miguu. Na tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wakiuawa kwa bunduki sokoni Nyangwe. Katikati ya miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alijiimarisha Kasongo. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda hadi Kabambare, kisha Kasongo. Vitambaa, shanga, bunduki na baruti vilikuja huku. Pembe ziliondoka huku, na pamoja nazo watu.

Kasongo ikawa mji. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dhanis, aliyepigana kwa ajili ya dola la mfalme Leopold, yaliuteka. Daktari Mwingereza aliyekuwa nao, Sidney Hinde, alichapa kitabu juu ya vita hivyo mwaka 1897. Ndani yake amesimulia mambo yaliyomshangaza: vitanda vya nakshi vyenye magodoro ya hariri, mishumaa, sukari, vyombo vya kioo na vya fedha, bustani za michungwa, na pembe za ndovu zipatazo tani 25. Vitanda vya nakshi, vijana! Nasoma maneno hayo nikiwa fundi wa mkono wa kushoto, nami hujiuliza swali ambalo Hinde hakujiuliza: nani alivichonga?

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Mlango wa pwani, pamoja na miimo na kizingiti chake, ni kazi ya wanaume wengi kuuinua tu, achilia mbali kuutembeza miezi mingi kutoka Zanzibar. Na kwa nini mtu ajisumbue hivyo, wakati mivule mikubwa imesimama hapa kwetu? Mimi naamini kwamba kilichosafiri ni tezo, patasi na ujuzi uliokuwa mikononi mwa watu. Na watu hao, kwa sehemu kubwa, hawakuwa mabwana. Walikuwa watumwa wenye ufundi na waungwana, yaani wale waliojiunga na maisha ya pwani, wakavaa kanzu, wakasema lugha ambayo kwa sababu yao iliitwa kingwana. Vijana wa nchi hii walikaa miguuni pao wakajifunza.

Mji ule haupo tena. Baada ya vita Kasongo ilihamishwa, na mahali pa kwanza pakaitwa Tongoni, maana yake mahame. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa mambo ya kale, na Wakongo wakiwamo, wamechimba hapo kwa uangalifu. Kuta za udongo huyeyuka kwa mvua, na mbao katika unyevu wetu hazina maisha marefu. Yaliyodumu ni miembe, mpunga, na lugha hii ninayowaandikia.

Pwani mambo ni tofauti, kwa kuwa nyumba ni za mawe na chokaa. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar milango ya nakshi ingali imesimama kwa mamia, na nyumba ya Tippu Tip mwenyewe ipo bado, imechakaa, na mlango wake wa nakshi ungali hapo. Sijafika huko, nimejifunza kwa picha na vitabu. Milango ile mingi haina bawaba. Ubao una nondo ya mti juu na chini, huzunguka katika matundu ya kizingiti. Katikati, pale mbao mbili zinapokutana, kuna mti mrefu uitwao mfaa. Pembeni mwa miimo mara nyingi huchongwa mnyororo. Wengine husema ni ulinzi wa nyumba, wengine huona humo minyororo ya watumwa, wala sidhani kwamba mchongaji mwenyewe alitoa maelezo. Na juu, kwenye kizingiti, huwekwa mara nyingi maandishi ya Kiarabu: aya ya Kurani, jina la mwenye nyumba, au mwaka.

Huko nako biashara ya majina ipo. Baada ya mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba zikakosa wa kuzitunza, na milango ikang'olewa ikauzwa. Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo mlango unaodaiwa kuwa wa kale huleta fedha nyingi kuliko mlango mzuri. Kwa hiyo mnunuzi wangu hakuwa amevumbua jambo jipya.

Sasa narudi uani kwangu. Niliwaita vijana sita wa Xaveri na fundi seremala wa jirani, nikawaambia kwamba kabla ya kupiga randa hata mara moja tutausikiliza mlango. Fundi alinitazama kwa huruma.

Shahidi wa kwanza aliunga mkono habari ya kartie. Ubao ulikuwa na nondo juu na chini, kwa mtindo wa pwani, na pembeni mwa miimo palikuwa na mnyororo. Vijana wakapiga makofi. Shahidi wa pili hakusema kitu: viungo vya pembeni vilikuwa ulimi unaoingia katika shimo na kufungwa kwa kigingi cha mti, na seremala yeyote mwenye adabu hufanya hivyo. Wa tatu naye alinyamaza. Nyuma ya ubao tuliona alama za msumeno zilizonyooka na kuinama kidogo, zisizolingana. Huo ni msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini yake. Msumeno wa mashine wa mviringo huacha alama za upinde. Lakini msumeno wa watu wawili umetumika huku kwetu tangu zamani hizo hata utoto wangu, basi hauwezi kututajia mwaka.

Shahidi wa nne ndiye aliyevunja kesi. Mbao za ubao zilikuwa zimeshikiliwa na vipande vya mti kwa nyuma, na chini ya kipande kimoja ambacho hakikuwahi kufunguliwa tulikuta misumari. Ilikuwa ya waya, mviringo, yenye kichwa bapa, kila mmoja sawa na mwenzake. Msumari wa mhunzi una pembe nne, hupungua kuelekea nchani, wala hakuna miwili inayofanana. Ile ilitoka kiwandani. Mmoja wa vijana alisema labda iliongezwa baadaye na fundi wa kutengeneza. Ni swali zuri. Ndiyo maana nawaambia kwamba kipande kile hakikuwahi kufunguliwa. Rangi ya kwanza kabisa ilikuwa imeziba ukingo wake pande zote.

Kisha tukapima. Mafundi wa pwani walipima kwa mwili: shibiri, tangu kidole gumba hadi kidole cha mwisho, na dhiraa, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Nafasi ndani ya miimo yetu ilikuwa upana wa sentimita 160, na urefu wa metre mbili kamili. Nilipima mara tatu. Nambari iliyonyooka hivyo haitoki katika mkono wa mtu. Inatoka katika kipimo cha Wazungu.

Basi mlango huu ulitengenezwa baada ya 1893, na kwa maoni yangu miaka mingi baadaye, wakati wa ukoloni, na fundi aliyeshika metre ya kukunja mkono mmoja na nakshi ya pwani mkono wa pili. Mapadre Weupe walifika Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20, serikali nayo ilikuwa na kazi zake za ujenzi, na seremala mmoja aliweza kujifunza kwa mzee wa kingwana asubuhi na kwa Mzungu jioni. Jina lake halikuandikwa mahali popote. Nalisema hilo kwa uhakika, maana tulitafuta kila upande wa kila ubao kwa tochi.

Lipo jambo moja zaidi, nalo hunizuia usingizi kuliko misumari. Katikati ya kizingiti, pale ambapo mlango wa pwani ungekuwa na maandishi, fundi alichonga fremu nzuri yenye mstari mara mbili, na ndani yake hakuweka kitu. Ameisawazisha ikawa laini, akaiacha. Je, hakujua kuandika Kiarabu? Je, mwenye nyumba alikuwa Mkristo, akakataa aya? Au alikufa kabla ya kumaliza? Vijana walitaka kuchonga humo jina la kikundi chao. Walinisihi wiki nzima. Niliwakatalia, na baadhi walininunia, lakini naona bado kwamba nilifanya vema: pale si petu pa kuandika.

Kazi ya kutengeneza ilichukua miezi minne, nami nawaeleza makosa yangu kwanza. Rangi ya zamani yaweza kuwa na risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu. Mimi nilianza kupiga msasa mkavu, watoto wakiwa karibu, mpaka mtu mmoja mwenye elimu kuliko mimi akanizuia. Tangu hapo tulilowanisha rangi, tukaikwangua polepole nje ya nyumba, pua na mdomo vimefungwa kitambaa, tukakusanya magamba yote na kuyafukia mbali na kisima. Ilikuwa kijani, chini yake buluu, chini yake chokaa nyeupe, na chini ya yote mvule wenye rangi ya asali iliyoungua.

Kosa la pili lilikuwa mawese. Nilifikiri: mafuta ni mafuta. Nikaupaka mwimo mmoja kwa mawese ya nyumbani, ukang'aa vizuri sana siku moja. Lakini mawese hayakauki. Baada ya wiki mwimo ulikuwa unanata, umekusanya vumbi, nywele za mbuzi na nzi wawili. Tuliusugua kwa majivu na petroli ya taa hata mikono ikachubuka. Mwishowe tulitumia nta ya nyuki, tukaiyeyusha mbali na moto wa wazi pamoja na mafuta kidogo ya kukauka ambayo fundi aliyapata Kasongo, tukaipaka nyembamba na kuisugua kwa kitambaa.

Mguu wa mwimo wa kushoto ulikuwa umeoza kiasi cha shibiri moja, kwa kuwa ulisimama muda mrefu katika udongo wenye maji. Tuliukata kwa mshazari hadi penye mti mzima, tukaunga kipande kipya cha mvule kwa gundi na vigingi viwili. Fundi alitaka kukipaka unga mweusi wa betri za zamani ili kifanane na kikuukuu. Ana ustadi huo. Angeweza kumdanganya askofu. Nilimwomba akiache kilivyo, chenye rangi ya njano, ili atakayekuja baada yetu asisumbuke kukisia lipi ni la fundi wa kwanza na lipi ni letu. Alikubali shingo upande. Na chini yake tuliweka jiwe, mwimo usiguse udongo, kwa kuwa mchwa wa Salamabila hawasomi historia.

Ubao wa pili tuliutengeneza upya, bila nakshi.

Mnunuzi wa dhahabu alirudi mwezi wa tano. Nilimwonyesha misumari, nikampa metre apime mwenyewe. Alipima, akanyamaza, kisha akasema kwamba barua inaweza kuandikwa vilevile, kwani anakoipeleka hakuna atakayepima. Dolari mia mbili ni ada ya shule ya watoto wangu kwa muda mrefu, wala sitawaambia kwamba sikuhesabu. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu mara nyingi usiku. Lakini sahihi yangu ndiyo niliyoitumia miaka ishirini na mitano kwenye vyeti vya wanafunzi, nami sina nyingine. Akaondoka, hakununua.

Nilifikiri kwamba misumari itamtuliza pia mama wa nyumba. Nilimweleza yote kwa furaha: si mlango wa mfanyabiashara wa watu, ni kazi ya fundi wetu, ya baadaye. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka kidole juu ya mnyororo uliochongwa kwenye mwimo, akaufuata toka chini hadi juu, pete kwa pete. Akasema: «Aliyemfundisha fundi huyu kuchonga hivi, yeye alifundishwa na nani?»

Sikuwa na jibu. Nimefundisha historia muda wote huu, na swali hilo halikunijia. Bibi ya mama yake huenda alipita mbele ya mlango ambao mchongaji wake alikuwa naye katika kamba ile ile, halafu mtu huyo, au mwanawe, akaendelea kuchonga mnyororo baada ya bwana kukimbia, kwa sababu ndivyo mkono wake ulivyokuwa umezoea, au kwa sababu aliuona kuwa mzuri. Misumari ya waya haiwezi kunieleza hilo.

Tulikubaliana baada ya siku kadhaa, naye ndiye aliyeweka masharti. Mlango usiwe wa kuingilia nyumbani, wala usiwe wa chumba cha kulala. Na usiwe na komeo, wala kitasa, wala tumbuu ya kufuli. Matundu ya komeo la zamani niliyaziba mwenyewe kwa vigingi viwili vya mvule.

Leo umesimama kati ya sebule na ghala la mpunga. Wajukuu huubembea, ingawa nimewakataza. Ubao wa zamani hulia kila unapofunguliwa, kwa kuwa nondo yake ya chini imelika upande mmoja. Ningeweza kuipaka nta ikanyamaza, nami nilikuwa tayari na kopo mkononi. Mama wa nyumba alinizuia. Anasema kwa mlio huo hujua, hata akiwa jikoni, nani ameingia kwenye mchele.